Ufa wa Hedi: Tafuta Kilichoipasua Kabla ya Kununua Mpya

Mazungumzo kwa madereva, makanika na wenye magari wa Garsen na Tana Delta

 

Mada ya leo ni kipande kimoja tu cha gari, hedi ya silinda, hasa katika yale magari ya zamani ya dizeli yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Huenda mtu akauliza kwa nini jambo la gereji lizungumzwe mbele ya wakazi wote, wakiwemo wasio na gari. Jibu liko barabarani. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, ya 2018, ya mwishoni mwa 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliacha funzo lilelile. Maji yakishakata barabara ya Garissa, Hola na Garsen, na njia za vijijini zikageuka tope jeusi, magari madogo hukwama. Yanayobaki kutegemewa nchi kavu ni Land Cruiser, Land Rover, Hilux na Pajero za miaka mingi. Hayo ndiyo humfikisha mama mjamzito Ngao, ndiyo hubeba chanjo, unga, maembe na samaki. Moja likizimika kwa hedi kupasuka, hasara haiishii kwa mwenye gari.

Ujumbe wa leo ni mfupi, na yote yatakayofuata ni maelezo yake: hedi haipasuki yenyewe. Kuna kilichoipasua. Anayenunua hedi mpya bila kukitafuta kilichoipasua ya kwanza, amenunua muda tu.

Hedi ni nini, na kwa nini hupasuka

Injini ina sehemu kubwa mbili. Chini ni bloku, ambamo pistoni hupanda na kushuka. Juu yake ni hedi, kifuniko kizito chenye vali, nozo za dizeli na njia za maji. Katikati hukaa gasketi, inayozuia moto, maji na oili visiingiliane.

Injini ya dizeli haina cheche. Hubana hewa takriban mara 20 hadi ipate joto la kuiwasha dizeli yenyewe. Kwa hiyo hedi hubeba presha kubwa kuliko hedi ya gari la petroli. Katika injini nyingi za zamani, dizeli huanza kuwaka ndani ya chumba kidogo kilichochimbwa kwenye hedi yenyewe, kisha moto hutoka kwa mdomo mwembamba kuelekea kwenye pistoni. Kati ya chumba hicho na vali mbili hubaki ukuta mwembamba wa chuma. Upande mmoja ni moto, upande wa pili ni maji. Nyufa nyingi huanzia hapo.

Kuna jambo la pili. Injini kama 1KZ iliyofungwa katika Prado na Hilux Surf, 4D56 ya Pajero, na 300Tdi ya Land Rover zina hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma cha kusubu. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Chukua hedi ya urefu wa nusu mita na uipandishe joto kwa nyuzi 80: bloku itarefuka karibu nusu milimita, hedi itarefuka karibu milimita moja. Injini ikiwa katika joto lake la kawaida, bolti na gasketi huvumilia tofauti hiyo. Ikichemka kupita kiasi, hedi hutaka kutanuka zaidi lakini bolti zimeishika. Hujipinda. Ikipoa ghafla, hupasuka.

Ndiyo maana kumwagia injini iliyochemka maji baridi ya mtoni ni kosa kubwa. Dereva hudhani anaiokoa, kumbe anaimalizia.

Dalili, na la kufanya njiani

Ufa mdogo hauzimi gari siku ya kwanza. Hutoa dalili, na dereva msikivu huziona mapema.

Maji ya rejeta hupungua ingawa hakuna tone linaloonekana chini ya gari. Mipira ya maji huwa migumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha injini asubuhi, kabla hata haijapata moto. Mapovu hutoka katika rejeta mfululizo. Gari hupoa likiwa kwenye lami tambarare, lakini hupanda joto likipewa mzigo au likiingia mchangani. Asubuhi injini hutetemeka kidogo kwa silinda moja kutowaka vizuri, na eksozi hutoa moshi mweupe usiokwisha. Wakati mwingine oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba maji yameingia humo.

Kuna dalili moja inayowadanganya wengi. Geji ya joto hupima maji. Maji yakiisha, kifaa cha kupimia hubaki hewani, na mshale unaweza kushuka upande wa baridi wakati injini inaungua. Mshale ukipanda kisha ukaanguka ghafla, si nafuu hiyo. Ni amri ya kusimama.

Dereva afanye nini? Asimame mahali salama, azime injini, na asiguse kifuniko cha rejeta. Kwenye usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini kifuniko hicho hubana presha ili yafike karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Kikifunguliwa yakiwa katika hali hiyo, hulipuka kuwa mvuke na kuunguza uso na mikono. Asubiri hadi mpira wa juu wa rejeta uwe laini na uguswe bila kuunguza. Ndipo afungue taratibu kwa kitambaa kinene, aongeze maji kidogo kidogo.

Likichemka mara ya pili katika safari hiyohiyo, lisiendeshwe tena. Likokotwe. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na kwa wengi gharama ya kukokotwa huonekana kubwa. Lakini gari lililochemka likasimamishwa mapema linaweza kuhitaji gasketi tu. Lililolazimishwa kufika, mara nyingi huhitaji hedi, na pengine pistoni pia.

Onyo moja zaidi: gari lililolala usiku likiwa na ufa linaweza kuwa na maji juu ya pistoni. Maji hayabanwi kama hewa. Asubuhi dereva akipiga stata kwa nguvu, mkono wa pistoni unaweza kupinda, na kazi ya hedi ikageuka kazi ya injini nzima. Kanika mwangalifu huondoa kwanza zile plagi zinazopasha injini joto asubuhi, kisha huzungusha injini polepole ili maji yatoke kwenye matundu yake.

Kupima kabla ya kununua

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Dalili za gasketi iliyoungua na za hedi iliyopasuka hufanana sana. Hakuna fundi, hata awe na miaka 30 ya kazi, anayeweza kuzitofautisha kwa kusikiliza mlio peke yake.

Kipimo cha kwanza hufanyika hedi ikiwa bado garini. Kuna chombo kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta, chenye kimiminika cha buluu. Moshi wa moto ukiwa umeingia katika maji, rangi hubadilika. Kipimo hiki huthibitisha kwamba moto unavuja kuingia katika maji. Hakisemi unavujia wapi.

Kipimo cha pili ndicho chenye kuamua. Hedi hufunguliwa, husafishwa, na kupelekwa kwenye karakana yenye mashine. Huko matundu ya maji huzibwa kwa vibao na raba, hewa ya presha huingizwa, na hedi huzamishwa katika maji ya moto. Mapovu yakitoka, ufa umejitaja wenyewe. Maji huwa ya moto kwa sababu baadhi ya nyufa hufunga chuma kikiwa baridi na hufunguka kikipata joto. Njia nyingine ni rangi nyekundu ya kupenya: hupakwa, hufutwa, kisha unga mweupe hunyunyizwa na ufa hujichora kama unywele.

Wakati huohuo uso wa hedi hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na vibati vya fila, kuona kama umejipinda. Kiwango kinachokubalika ni sehemu ndogo sana ya milimita, na hutofautiana kati ya injini na injini. Anayekitaja ni kitabu cha injini hiyo, siyo mazoea. Kadhalika, kwa baadhi ya injini kitabu huruhusu mstari mdogo sana kati ya vali mbili iwapo haufiki kwenye njia ya maji. Kwa hiyo si kila mstari unaoonekana ni hukumu ya kutupa hedi. Presha ndiyo hakimu.

Mwenye gari ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kutoa pesa: hedi hii imepimwa wapi, na karatasi ya kipimo iko wapi?

Mpya, ya mtumba, au ya kuchomelea

Kipimo kikishathibitisha ufa, kuna njia tatu.

Ya kwanza ni hedi mpya. Huuzwa tupu, au ikiwa kamili na vali zake na springi zake. Hedi tupu huonekana rahisi dukani, lakini vali za zamani lazima zihamishwe, zisagwe na zikae kwa kina kinachotakiwa, na kazi hiyo hulipiwa. Mnunuzi alinganishe bei mbili zilizo kamili, siyo bei ya kipande kimoja na bei ya vyote. Aidha, jina la gari halitoshi dukani. Namba ya injini na mfano wa hedi ya zamani vipelekwe, kwa sababu gari moja huweza kuwa na aina kadhaa za injini kulingana na mwaka.

Ya pili ni hedi ya mtumba, iliyotolewa kwenye injini nyingine. Inaweza kuwa nzuri. Lakini injini hiyo ilivunjwa kwa sababu, na sababu hiyo inaweza kuwa hedi yenyewe. Iwe Kirinyaga Road jijini Nairobi au Mombasa, makubaliano yawe hivi: hedi ipimwe presha kwanza, malipo ya mwisho yafuate baadaye, na risiti iandikwe kwamba itarudishwa ikikutwa na ufa. Muuzaji anayekataa sharti hilo amekwisha kujibu.

Ya tatu ni kuchomelea. Aluminiamu huweza kuchomelewa na fundi mwenye ujuzi na vifaa, akiipasha hedi nzima joto kwanza na kuipoza polepole, kisha uso ukasawazishwa kwa mashine na presha ikapimwa upya. Chuma cha kusubu ni kigumu zaidi kuchomelea, na huweza kupasuka pembeni mwa kiraka. Kuchomelea uwanjani, hedi ikiwa juu ya tairi kuukuu, ni kupoteza hela. Gundi na dawa za kuziba zinazomwagwa ndani ya rejeta nazo si tiba. Huziba ufa kwa siku chache, na huziba pia mirija ya rejeta kwa maisha.

Kuhusu stakabadhi za gari, wengi huuliza. Namba ya injini hupigwa kwenye bloku, siyo kwenye hedi. Kubadilisha hedi hakugusi logibuku. Kubadilisha injini nzima ni jambo jingine: namba hubadilika, na NTSA lazima iarifiwe ili kumbukumbu zirekebishwe.

Kufunga hedi bila kurudia kazi

Kazi ya kufunga hupimwa kwa usafi na subira. Hatua zenyewe makanika wanazijua. Yafuatayo ni yale yanayorukwa kwa haraka, na ambayo mwenye gari anaweza kuyasimamia hata kama hajawahi kushika spana.

Uso wa bloku usafishwe hadi ung'ae, bila mchanga kuingia kwenye silinda. Matundu ya bolti yakaushwe kabisa. Oili au maji yakibaki chini ya tundu, bolti ikikazwa husukuma kimiminika hicho, na bloku yenyewe yaweza kupasuka. Mtu aliyekuja kubadilisha hedi akaondoka na bloku mbovu hatasahau siku hiyo.

Gasketi ichaguliwe kwa kipimo. Injini nyingi za dizeli zina gasketi za unene tofauti, zenye alama za vijino au herufi. Unene sahihi hutegemea pistoni zimechomoza kiasi gani juu ya bloku, na hilo hupimwa kwa saa ya kupimia, kwa sehemu za mia za milimita. Gasketi nyembamba mno, pistoni hugonga vali. Nene mno, injini haitawaka asubuhi.

Bolti zikazwe kwa spana ya toki, kwa mpangilio wa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu. Injini nyingi huhitaji bolti mpya, kwa sababu bolti zake hurefuka zikikazwa na hazirudi. Kukaza kwa bomba refu na nguvu za bega si kipimo. Hedi iliyokazwa kwa kukisia huvuja ndani ya miezi michache, na lawama humwangukia aliyeuza hedi.

Kama injini ina mkanda wa taimingi, huo ni wakati wa kuufunga mpya. Injini ya 4D56, kwa mfano, ina mikanda miwili hapo mbele, na ule mdogo ukikatika huweza kuukata mkubwa. Nozo zipelekwe zikapimwe, kwa sababu nozo inayotiririsha dizeli badala ya kuinyunyiza huchoma sehemu moja ya hedi kama tochi ya kuchomelea. Oili na chujio vibadilishwe, kwa kuwa oili ya zamani huenda ilichanganyika na maji.

Mwisho, maji yajazwe taratibu, pua ya gari ikiwa imeinuliwa kidogo, hadi hewa yote itoke. Povu la hewa likibaki ndani ya hedi mpya, hapo pasipo maji pataanza kuungua siku hiyohiyo.

Kilichoipasua hedi ya kwanza

Sasa tufike kwenye kiini. Chukua mfano wa mtu mwenye gari la kubeba samaki kutoka Kipini. Hedi yake imepasuka. Ameuza mbuzi, amekopa kwenye chama, amefunga hedi mpya, na fundi amefanya kazi safi. Mwezi wa tatu gari linachemka tena. Fundi anasema hedi ilikuwa bandia. Muuzaji anasema fundi hakukaza sawa. Wote watatu wako kwa mzee wa kijiji wakibishana, na hakuna aliyeitazama rejeta, ambayo nusu ya mirija yake imejaa matope.

Katika sehemu hii ya Tana River, chanzo cha injini kuchemka hakiko mbali. Kwanza ni maji yenyewe. Maji ya mto hubeba matope mengi, na kila lita inayomwagwa rejetani huacha udongo wake humo. Maji ya visima vingi vya delta yana chumvi, nayo chumvi hula aluminiamu na kuacha magamba. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ni bora kuliko yote mawili. Yaliyo sahihi ni maji safi yaliyochanganywa na kupozea ya dukani, nusu kwa nusu, kwa sababu dawa hiyo huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka. Galoni moja ya maji yaliyochanganywa, ikiwekwa nyuma ya kiti, humwondolea dereva kishawishi cha kuchota mtoni.

Pili ni uso wa nje wa rejeta. Baada ya kupita kwenye mafuriko, matope na mbegu za nyasi hujaza mapezi yake na kukauka kama udongo wa ukuta. Hewa haipiti tena. Rejeta ioshwe kutoka nyuma kwenda mbele, kwa maji ya nguvu ndogo ili mapezi yasilale.

Tatu ni feni. Katika magari mengi ya aina hii feni huendeshwa kupitia kikombe chenye mafuta mazito ya silikoni, kinachoikaza injini ikipata joto. Mafuta hayo yakivuja, feni huzunguka kwa uvivu. Kwenye lami upepo wa mwendo huficha ubovu huo. Kwenye tope, gari likiwa gia nzito na mwendo wa mguu, hakuna upepo, na hapo injini hulia.

Nne ni thamostati. Kwa kuwa hapa ni kwenye joto, wengi huiondoa na kuitupa, wakiamini maji yatazunguka vizuri zaidi. Katika injini nyingi za dizeli kinyume chake ndicho hutokea. Thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini bila kupitia rejetani. Ikiondolewa, njia hiyo hubaki wazi muda wote, na sehemu ya maji hairudi kupozwa. Thamostati mpya ni kitu cha bei ndogo mno ukilinganisha na hedi.

Tano ni kifuniko cha rejeta, pampu ya maji na mipira. Kifuniko kilicholegea hushusha kiwango cha kuchemka. Mpira uliochoka hupasuka safarini. Na sita ni mzigo: injini ya 1993 haina deni la kubeba kile ambacho hata ilipokuwa mpya haikuandikiwa.

Kwa hiyo bajeti ya kubadilisha hedi isiandikwe hedi peke yake. Iwe na gasketi na bolti, kazi ya mashine, nozo, thamostati, kifuniko, mipira, kusafisha au kubadilisha rejeta, maji ya kupozea, oili na chujio, kisha ufundi. Ikiwa fedha hazitoshi vyote, ni heri gari lisubiri wiki mbili kuliko hedi mpya ifungwe juu ya rejeta iliyoziba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa gari, ufa wa kuzibwa mapema ni ule wa mpira, wa kifuniko na wa rejeta. Ukifika kwenye hedi, umeshakuwa ukuta.

Maji ya sumu, na gari la umma

Mambo mawili ya kumalizia yanawahusu hata wasio na gari.

La kwanza ni maji yanayomwagwa hedi ikifunguliwa. Maji ya kupozea yana ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu. Mbuzi, ndama au mbwa akiyanywa kwenye dimbwi la gereji anaweza kufa kwa figo kuharibika, na mtoto vilevile. Katika eneo la wafugaji hilo si jambo dogo. Makanika wayakinge kwenye beseni, wayafunike, wasiyaache uwanjani. Oili chafu nayo isimwagwe mferejini wala mtoni. Delta ya Tana iko katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 2012, lakini kabla ya orodha yoyote, ndiyo maji ya kunywa ya vijiji vilivyo chini ya mto.

La pili ni gari la umma. Wananchi huuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini gari la kazi au la wagonjwa hukaa gereji muda mrefu. Ununuzi wa spea za gari la umma hufuata Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015. Kuna maombi, bei shindani na idhini. Ripoti ya fundi ikiandika tu "hedi mbovu", hedi itanunuliwa, kisha itagunduliwa kwamba bolti, gasketi na rejeta havikuombwa, na safari ya makaratasi ianze upya. Ripoti kamili ya mara ya kwanza, yenye kipimo cha presha na chanzo cha kuchemka, hupunguza siku ambazo gari hilo halipo barabarani. Na dereva wa gari hilo anayefungua boneti kila asubuhi, injini ikiwa baridi, akatazama maji, oili na mkanda wa feni, anafanya kazi ya dakika tano inayolinda fedha za walipa kodi.

Msimu wa mvua haungoji gereji. Kila mwenye gari la aina hii, akirudi nyumbani leo, na afungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa imepoa, achovye kidole na kutazama. Maji yakiwa safi na yenye rangi ya dawa, vyema. Yakiwa ya rangi ya mto, kazi ya kwanza ameshaijua.

 Maswali sasa, na makanika wenye uzoefu waketi mbele, kwa sababu mengi yatakuwa yao kujibu.